Wiki 12 kwenye kaunta ya Malindi: barua ya wazi kwa wakuu wa benki kubwa

Kwa wakurugenzi wa benki kubwa za Kenya na wakuu wa idara zenu za wafanyakazi.
Nakala kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa kwetu Matondoni, kisiwani Lamu. Hatua chache kutoka nilipoketi, baba na wenzake wanakalafati mashua iliyopandishwa pwani, wakiziba nyufa zake, na sauti ya nyundo zao ndiyo niliyokuwa nikiisikia utotoni nikifanya hesabu za shule. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa shahada ya biashara, upande wa fedha. Mwaka jana, kuanzia katikati ya Mei, nilifanya wiki 12 za mafunzo ya kazini, yale ambayo wanafunzi tunayaita atachimenti, katika tawi la benki kubwa mjini Malindi.

Benki hiyo siitaji, wala simtaji mtu niliyemkuta humo. Siku ya kwanza nilitia sahihi ahadi ya kutunza siri na ninaiheshimu. Habari za wateja nitakazosimulia nimezigeuza kiasi cha mtu kutotambulika. Isitoshe, nimezungumza na wenzangu waliokwenda benki nyingine, Mombasa na Nairobi, na yaliyowapata yanafanana na yangu. Kwa hivyo barua hii ni yenu nyote.

Ombi langu nalitanguliza ili asiye na muda wa kusoma yote alijue. Mlipeni mwanafunzi wa mafunzo nauli na chakula cha mchana, na nafasi zenu mzitangaze mahali ambapo sisi wa visiwani tutaziona. Nawaomba kwa ajili ya wenzangu, na pia kwa ajili ya wateja wenu wa pwani, ambao nimekaa nao kwenye kaunta nikaona wanachokikosa.

Nianze na jinsi nilivyoingia. Niliandika maombi 11. Nafasi karibu zote sikuzisoma popote. Nilizisikia kwa watu, kwamba fulani ana mjomba wake ndani, mpelekee barua. Majibu yalikuja mawili. La kwanza lilitoka Nairobi, makao makuu, idara ya hesabu, nafasi ambayo mwanafunzi yeyote wa fedha angeipenda. Niliikataa kwa barua ya mistari minne, kwa sababu Nairobi sina ndugu, na kodi ya chumba kwa miezi mitatu hatukuwa nayo. La pili lilitoka Malindi. Shangazi yangu ameolewa Malindi, mtaa wa Shella (wa Lamu wasiichanganye na Shela yetu), na bila ya shangazi huyo nisingekuwa na la kuwaandikia leo. Wasichana wawili niliosoma nao sekondari, wote wakinishinda kwa alama za hesabu, hawakuwa na shangazi mjini. Mmoja alifanya mafunzo yake katika duka la simu. Mwingine aliahirisha mwaka.

Kisha gharama. Chuo kilinitaka nilipie bima ya ajali na ada ya msimamizi, shilingi 2,500. Tawi lilitaka suti nyeusi na viatu vya kufunika. Nilinunua mtumba, nikapeleka kwa fundi avikaze, vyote 6,500. Boti ya kutoka Lamu hadi Mokowe na basi la kupitia Witu na Garsen mpaka Malindi, kwenda na kurudi pamoja na mizigo, 3,000. Chakula cha mchana, shilingi 150 kwa siku, siku 60, nikiacha kuhesabu Jumamosi: 9,000. Shangazi hakunidai kitu, lakini mumewe anaendesha tuktuk na wana watoto wanne, na mtu mzima haketi nyumba ya watu miezi mitatu mikono mitupu. Nilikuwa nikimpa 3,000 kila mwezi, 9,000 nyingine. Jumla yake ni shilingi 30,000.

Naomba mnivumilie nieleze zilikotoka, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mei ni mwanzo wa kusi, msimu wa upepo wa kusini. Kusi ikishika, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka, na vyombo vidogo hukaa siku nyingi vimefungwa. Mvuvi asiyekwenda baharini hamlipi fundi wake wa mashua. Kazi baba huwa nayo, kwa kuwa huo ndio wakati wa kupandisha vyombo na kuvitengeneza, ila malipo husubiri kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, bahari ikitulia. Mkopo wangu wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ulikuwa umekwisha pamoja na muhula. Kwa hiyo aliyenipeleka benki ni mama. Alisuka mikeka ya miyaa tangu Januari, akaiuza Lamu mjini kwa bei ya anayeuza kwa haraka. Vyuo vingi huwatoa wanafunzi kwenda mafunzoni miezi hiyohiyo ya katikati ya mwaka, na sidhani kuna aliyekaa akafikiri kwamba huo ndio msimu ambao nyumba ya mvuvi haina shilingi.

Nikaingia kazini.

Wiki tatu za kwanza niliketi chumba cha nyuma. Nilipanga stakabadhi kwa tarehe, nikatoa nakala, nikapandisha na kuteremsha mafaili. Kazi hiyo siilalamikii hata kidogo. Kwa kupanga stakabadhi niliona kwa nini aliyeandika muamala haruhusiwi kuuidhinisha mwenyewe, na kwa nini chumba cha fedha kina funguo mbili zinazoshikwa na watu wawili. Nilielewa pia kwa nini mwanafunzi hapewi nywila ya mfumo wala hagusi pesa taslimu. Hayo ni haki kabisa, na anayewaandikia kulalamika kwamba hakuruhusiwa kuhesabu noti hajaelewa benki ni nini.

Tena alikuwapo afisa mmoja wa mikopo, mama wa makamo, ambaye alikuwa akinibakisha dakika 20 milango ikishafungwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na muda ule ulikuwa wake wa kurudi kwa watoto. Siku moja aliniandikia mkopo wa shilingi 100,000 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 15. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo mzima mpaka mwisho, mteja analipa riba ya 15,000. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua kila mwezi, analipa kama 8,300. Karatasi zote mbili zimeandikwa asilimia 15. Akaniuliza, "Mama yako akiletewa hizi mbili, atajua aitie sahihi ipi?" Kanuni hiyo nilikuwa nimeifanyia mtihani nikapata alama nzuri, lakini sikuwahi kumfikiria mama yangu ndani yake. Dakika 20 hizo, mara mbili kwa wiki, ndizo mafunzo niliyopata. Mengine nilijifunza kwa wateja.

Wiki ya nne, dada aliyekuwa dawati la huduma kwa wateja alikwenda likizo, nikawekwa mimi, "kwa siku mbili tu". Nilikaa hapo mpaka mwisho.

Tawi la Malindi lina watu wa kila namna. Wanakuja wafanyakazi wa chumvi kutoka Gongoni na Marereni, wavuvi wa Ngomeni, wakulima wa Mambrui na wa bara ya Kigiriama, wafanyabiashara wa mjini, Waitaliano waliojenga huku, na watu wetu wa Lamu waliohamia zamani. Fomu ya kufungua akaunti ilikuwa na kurasa nane, zote kwa Kiingereza. Barua za benki kwa mteja, Kiingereza. Ujumbe unaoonya kwamba ada itakatwa, Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike kikamilifu na huduma anayonunua. Nilikuwa nimezisoma ibara hizi kidato cha tatu. Sikuzielewa mpaka nilipomwona mzee wa umri wa babu yangu akitia dole gumba kwenye ukurasa wa sita wa kitu ambacho hakuna aliyemsomea hata ukurasa wa kwanza.

Alikuja bibi mmoja, amejifunika vizuri, mkononi ana kopo la maziwa ya unga. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha aliposikia matamshi yangu akaketi sawasawa. Akafungua kopo, akatoa barua iliyokunjwa mara nne, akaniambia kwa Kiamu chetu, "Mwanangu, hini karatasi yanena n'ni?"

Barua ilikuwa na zaidi ya mwaka. Aliandikiwa marehemu mumewe. Ilisema akaunti yake imelala kwa muda mrefu, na kwamba asipojitokeza, pesa zitahamishwa. Bibi aliidhani ni wito wa mahakama, kuwa marehemu aliacha deni, ndiyo sababu aliificha hata watoto wake wasiione. Mwaka mzima mjane huyu alilala na hofu ya deni lisilokuwapo, na kumbe karatasi ilikuwa ikimwambia kuna akiba yake.

Nikamweleza polepole. Pesa hazikuliwa. Kuna sheria ya mwaka 2011 ya mali za kifedha zisizodaiwa: akaunti ya akiba ikikaa miaka mitano bila mwenyewe kuigusa, benki hutakiwa kumtafuta, na asipopatikana, kuzipeleka pesa kwa mamlaka ya serikali inayozitunza. Mwenyewe au mrithi anaweza kuzidai. Kwa kuwa mwenye akaunti amefariki, ataanza kwa Kadhi kupata hati ya urithi. Nilimwandikia hatua hizo kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwenye karatasi ya nyuma ya fomu. Akanishika mkono akaniombea dua pale pale, watu wa foleni wakisubiri. Ilichukua dakika 40. Wiki zangu zilikwisha kabla hajarudi, na mpaka leo namkumbuka kila ninapoona kopo la maziwa.

Baada ya hapo habari ilienea. Watu walikuja wakimwuliza mlinzi wa mlangoni, "Yupo yule binti wa Lamu?" Wengine walikuwa na barua za mwezi uliopita, wengine za miaka mitatu. Walikuja pia waliotaka kujua kama akaunti fulani ina riba, kwa sababu hawataki kula riba. Nchi hii ilitoa leseni kwa benki mbili kamili za Kiislamu mwaka 2007 na 2008, na benki nyingi kubwa zimefungua huduma kama hiyo kando ya ile ya kawaida, kwa hiyo jibu lilikuwapo ndani ya tawi. Lilikuwa ndani ya kijitabu cha Kiingereza kilichojaa maneno ya Kiarabu. Mzee anayelijua neno murabaha (kuuziwa kitu kwa faida iliyotajwa wazi, badala ya kukopeshwa kwa riba) tangu madrasa hakuweza kukisoma, na afisa aliyeweza kukisoma hakujua murabaha ni nini. Nikawa nasimama kati yao.

Nahodha mmoja wa Ngomeni alitaka mkopo wa kununua mashine ya boti. Fomu ina kisanduku cha mapato kwa mwezi. Nilipomsomea, alinitazama akauliza, "Mwezi upi, wa kusi au wa kaskazi?" Swali lake lilikuwa la maana kuliko kisanduku. Kaskazi, bahari imetulia, boti yake inaingiza pesa ambazo mwalimu hapati. Kusi, anaishi kwa alichoweka na kwa kukopa dukani. Ukimgawia marejesho sawa miezi 12, umemwandikia kushindwa Juni na Julai, na jina lake lipelekwe kwa wanaoweka kumbukumbu za wasiolipa, ilhali Desemba angeweza kulipa mara mbili bila kutikisika. Hati ya shamba hana, kama watu wengi wa pwani. Lakini ipo sheria ya mwaka 2017 inayoruhusu mali inayohamishika, kama vile mitambo na mifugo, iwekwe dhamana. Yule mama afisa wa mikopo alinisikiliza, akaniita niketi, tukapanga pamoja marejesho makubwa kuanzia Novemba hadi Machi na madogo miezi ya kusi. Akaupeleka mpango makao makuu. Ulirudi siku ya tatu: mfumo haukubali marejesho yasiyolingana. Nahodha aliondoka bila neno la hasira. Alinishukuru, na nadhani shukrani ile iliniuma zaidi kuliko kama angefoka.

Sasa nimtaje mwenzangu, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike.

Tulikuwa wanafunzi watatu. Mmoja alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa tawi jingine. Alikuwa na bidii na sina neno naye. Wa pili alikuwa kijana kutoka upande wa Garsen, Kaunti ya Tana River. Alizungumza Kipokomo cha kwao, Kiorma alichojifunza kwa majirani, Kiswahili na Kiingereza. Watu wa Tana huja Malindi kwa shughuli za benki, na siku za kwanza nilimwona akimhudumia mfugaji wa Kiorma kwa lugha yake mpaka mzee yule akacheka kwa furaha. Alipanga chumba Maweni na kijana mwingine. Wiki ya tatu niligundua kwamba mchana hatoki kula. Alisema amezoea. Nikawa nanunua mahamri na mbaazi za shilingi 150, nagawa naye, nikimwambia mimi si mlaji. Wiki ya tano, Ijumaa, aliniambia anakwenda nyumbani kidogo, atarudi Jumatatu. Alikuwa amebeba begi lake lote. Hakurudi. Baadaye aliniandikia kwamba mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha kufuli.

Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemtukana. Meneja aliuliza Jumatano, "Yule mwingine yuko wapi?", akaambiwa amekwenda kwao, na dawati likawekwa mashine ya kutolea nakala. Chuo chake kilimwandikia kuwa hakumaliza. Msimu uliofuata wa maombi aliacha kutafuta benki. Hivi leo, mfugaji wa Kiorma akiingia tawi lile, atazungumza na nani?

Najua mtakalojibu, maana nimelisikia kwa wakubwa wengi: mwanafunzi anakuja kujifunza, ujuzi ndio malipo yake. Nalikubali nusu. Wiki zile tatu za mafaili nilikuwa mzigo kwenu, na yule mama aliyenifundisha alitoa zaidi ya alichopata kwangu. Lakini kuanzia wiki ya nne nilikuwa dawati la mfanyakazi, saa za mfanyakazi, nikihudumia watu 30 na zaidi siku za mwisho wa mwezi. Kwenye daftari langu la kumbukumbu msimamizi aliandika: kupanga mafaili na kuelekeza wateja. Bibi wa kopo hayumo. Nahodha hayumo. Msimamizi wa chuo alipiga simu mara moja, akauliza kama nahudhuria.

Lipo jibu la pili ambalo nimelifikiria muda mrefu zaidi: mkilazimishwa kulipa, mtapunguza nafasi. Huenda. Basi kama tawi linachukua watano bila kitu, na wawili wanaondoka katikati kwa njaa, mimi naona bora lichukue watatu liwape nauli. Tena fikirini ukubwa wa ninachoomba. Shilingi 500 kwa siku, kwa siku 60, ni 30,000, zilezile zilizotoka kwa mikeka ya mama. Mwaka 2022 benki za Kenya kwa pamoja zilipata faida ya zaidi ya shilingi bilioni 200 kabla ya kodi. Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo ni serikali na kila siku inalia haina pesa, iliweza kuwapa wahitimu walio katika mpango wake wa mafunzo shilingi 25,000 kwa mwezi. Sisi hatujahitimu, na kiasi hicho sikiombi. Naomba mtu asilipie mfukoni mwake kuja kuwahudumia wateja wenu.

Kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Viwanda: kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo. Naomba mtazame kama sehemu ya ushuru huo inaweza kumfikia mwanafunzi anayetoka kaunti za mbali kama nauli. Na mkituma wakaguzi, wamwulize mwanafunzi amekula nini, kabla ya kuuliza daftari limejazwa vipi. Ibara ya 56 ya Katiba inaitaka serikali iwape jamii zilizoachwa nyuma nafasi maalumu za kupata ajira. Ajira ya benki huanzia kwenye atachimenti. Anayeukosa mlango huo, tangazo la kazi la miaka miwili baadaye litamkuta hana uzoefu.

Kwenu wakuu wa benki nina mengine mawili. Mwanafunzi anayejua Kiorma, Kigiriama, Kiamu au Kitikuu ana ujuzi wa kazi, na uandikwe hivyo kwenye daftari lake na kwenye vigezo vyenu vya kuchagua. Na fomu ziwekwe kwa Kiswahili. Hili la pili halihitaji mwanafunzi wala bajeti ya mwaka ujao. Huku Lamu tumefunguliwa gati la kwanza la bandari mpya Mei 2021, tukaambiwa tusome, kazi zinakuja. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wetu kama 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari hiyo. Fidia za namna hii hupita kwenye akaunti za benki. Nafikiria wavuvi wote hao, wamepanga foleni, kila mmoja na kurasa nane mkononi.

Kuhusu fomu, kazi imeshaanza. Wiki ya tisa na ya kumi, jioni, nilikaa sebuleni kwa shangazi nikaitafsiri ile ya kufungua akaunti, kurasa zote nane, kwa mkono. Mahali palipokuwa pakinisumbua zaidi ni lile swali linalomtaka mteja aseme kama ana wadhifa wa kisiasa au uhusiano na mwenye wadhifa huo. Siku zote watu walikuwa wakiambiwa waweke alama kwenye "hapana" waendelee, bila kuelezwa wameulizwa nini. Niliandika: "Je, wewe, mumeo au mkeo, au ndugu yako wa karibu, ana cheo kikubwa serikalini au katika siasa?" Nilimsomea shangazi, ambaye aliishia darasa la sita. Akajibu bila kufikiri, "La, hatuna." Nikajua imeeleweka.

Niliwaonyesha wakubwa wa tawi. Waliniambia ni nzuri, ila fomu haziwezi kubadilishwa tawini, zinatoka makao makuu. Kwa hiyo nawaambia nyinyi wa makao makuu. Nakala ya kwanza niliiacha droo ya pili ya dawati la huduma kwa wateja, ndani ya bahasha ya kaki, na dada aliyerudi likizo aliniambia anaitumia kimyakimya kuwasomea wateja. Nakala ya pili ninayo hapa Matondoni. Mkitaka niilete, nitapanda boti ya asubuhi.

Wenu mwaminifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa nne,
Matondoni, Lamu.